Kengele Zilizozikwa na Joka Lisilokuwapo

Jumatatu, 1 Machi 2004

Jumatatu makumbusho yetu hayapokei wageni. Nimempeleka mwanangu Nuru shuleni, nikashika barabara kuu kutoka Grand Prairie kwenda Fort Worth. Foleni ile ile, malori yale yale. Chai kwenye chupa. Redio nimezima.

Kengele zimefika makumbusho kutoka Japani. Wahudumu wamevaa glavu, wanafungua masanduku polepole kama wanaomfungua mgonjwa bandeji. Sisi wa kitengo cha watoto tumeruhusiwa kusimama nyuma ya kamba. Ya kwanza kutoka ilikuwa ndogo, ningeweza kuipakata. Ya mwisho inanifika kifuani. Zote za kijani. Si duara kama kengele ya shule. Zimebanwa ubavuni, kana kwamba mtu alizikandamiza kwa viganja zikiwa bado laini. Pembeni zina ukingo mwembamba, mfano wa pezi la samaki.

Na picha. Nilitazamia mistari mistari tu, mapambo. Sikutazamia watu.

Kwenye moja kuna watu wawili wanatwanga. Kinu katikati, michi mikononi. Nilisimama pale mpaka nikaulizwa kama najisikia vibaya. Watu wa miaka elfu mbili iliyopita, upande wa pili wa dunia, wanatwanga mpunga kama shangazi zangu uani kwetu Tanga.

Hiyo ndiyo nitakayowaonyesha watoto kwanza.

Jumatano, 3 Machi

Carol, mkuu wa kitengo chetu, ametugawia maelezo ya kuwaongozea watoto. Carol si mtu mbaya. Anafanya kazi kuliko sisi sote na hasahau siku ya kuzaliwa ya mtu. Lakini maelezo haya ni upuuzi.

Yanasema hivi. Hapo zamani mfalme wa Japani alikuwa na kengele za dhahabu. Joka likazitaka. Mfalme akazizika mlimani. Joka likalia, machozi yakawa mvua, mpunga ukaota. Mwisho. Watoto wapige makofi.

Hakuna mfalme. Hakuna joka. Nimesoma kila karatasi iliyokuja na kengele hizi, na nimesoma vitabu vya maktaba. Waliozitengeneza walikuwa wakulima wa mpunga. Hawakuacha maandishi. Walizizika kengele zao kwenye miteremko ya vilima, mbali na nyumba, wamezilaza kwa ubavu, nyingine ndogo ndani ya kubwa. Hakuna ajuaye kwa nini. Ukutani, kwa watu wazima, tumeandika hivyo hivyo: sababu haijulikani. Kwa watoto, joka.

Nimemuuliza Carol mbele ya wenzangu kwa nini.

"Watoto wanahitaji mwisho, Rukia," akasema.

Nikasema kuna miisho mingi, si lazima iwe ya uongo. Akatabasamu, akapita kwenye jambo la pili: vyoo vya ghorofa ya chini.

Sitasema habari za joka.

Alhamisi, 4 Machi

Mazoezi nyumbani. Mwanafunzi ni Nuru, miaka saba, amekaa juu ya kaunta ya jikoni. Nimegeuza sufuria, nikaning'iniza kijiko ndani kwa uzi. Huu ndio ulimi wa kengele, nikamwambia. Kengele za mwanzo zilikuwa ndogo, na zilikuwa na ulimi. Zilitundikwa, zikalia. Watu wakazipenda. Wakaanza kutengeneza kubwa, halafu kubwa zaidi, na picha zaidi, mpaka ulimi ukaachwa. Zikawa za kutazamwa tu.

Nuru hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili. Akasema maskini, zimekuwa bubu.

Kengele bubu. Nitalitumia hilo.

Jumanne, 9 Machi

Kundi la kwanza. Darasa la kwanza kutoka Plano. Nimewakalisha chini, sakafuni, juu ya shuka, kama nilivyokuwa nikifanya na darasa langu Tanga kabla sijahama. Mwalimu wao alishtuka kidogo. Akazoea.

Nimewaambia wafunge macho. Hakuna gari. Hakuna taa. Hakuna kitabu, maana hakuna anayejua kuandika. Kuna shamba, kuna maji, kuna vyura. Utajuaje kwamba leo ni siku kubwa? Sikugonga chochote. Niliwaacha waisikie kengele wenyewe kichwani. Mmoja akasema "dong" taratibu, macho yamefumbwa.

Halafu namna zilivyotengenezwa. Unachonga kalibu ya kumiminia. Unayeyusha shaba na bati kidogo, mpaka iwe uji wa moto. Unamimina kwenye nafasi nyembamba kama biskuti. Ukikosea kidogo, tundu. Ikipoa unaitoa, na ikiwa mpya inang'aa rangi ya dhahabu. Kijani hiki ni uzee. Ni mvi za shaba. Waligeuka wote kutazama mvi za mwalimu wao.

Halafu picha. Tafuta kereng'ende. Tafuta kobe. Tafuta vunjajungu. Tafuta ghala juu ya nguzo, na ngazi yake. Tafuta wanaotwanga. Wenye vichwa vya duara na wenye vichwa vya pembetatu, nani mwanamume, nani mwanamke? Waligombana vizuri sana juu ya hilo.

Na swali likaja, kama nilivyojua litakuja. Kwa nini walizizika?

Nikasema: hatujui. Wataalamu hawajui. Mimi sijui. Ninyi mnadhani nini?

 Kisha mikono yote juu. Walizificha wezi wasizione. Waliipa ardhi zawadi ili impe mtu mpunga. Kengele ilikufa, wakaifanyia maziko. Ilikuwa na kelele, mtoto amelala. Msichana mwenye miwani alisema labda walitaka kuja kuzifukua, halafu wakasahau wapi.

Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeuliza joka liko wapi.

Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi kuliko siku yoyote tangu nifike nchi hii.

Alhamisi, 11 Machi

Mama mmoja aliyefuatana na lile darasa amepiga simu makumbusho. Watoto waliletwa kuelimishwa, amesema, na mwongozaji akawaambia hajui. Tena ana lafudhi nzito. Lafudhi imetiwa hapo kama chumvi ya juu.

Carol amefunga mlango wa ofisi yake.

"Kama hujui, usiwaambie hujui."

"Niwaambie nini?"

"Kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ukutani, au kwenye karatasi yako?"

 Akapanga kalamu zake. Akasema yule mama na rafiki zake ndio wanaochangia safari za watoto, na mimi simrahisishii kazi. Ni kweli. Simrahisishii.

Jumanne ijayo atatembea nyuma ya kundi langu.

Sikumwambia kwamba nimetumia maisha yangu yote kujifunza Kiingereza hiki anachokiita lafudhi. Ningelia, na sikutaka alione hilo.

Jumamosi, 13 Machi

Nimegombana na Hamza. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo akiongea mengi najua ameumia.

"Mama Nuru, joka linakugharimu nini? Liseme, watoto wacheke, warudi kwao."

Nikamwambia si suala la joka.

"Ni suala la bima," akasema. Yeye yuko ghalani kupitia wakala, anaendesha foklifti ya kupakia mizigo, hana bima yoyote. Bima ya matibabu ya nyumba nzima imekaa kwenye kazi yangu. Nuru ana pumu. Alinionyesha ile pampu yake ya dawa juu ya friji, kana kwamba siijui.

Ana haki. Kila neno alilosema lina haki. Na bado sitasema.

Sikuweza kumweleza vizuri, basi naieleza hapa. Nilikuwa na umri wa Nuru mama yangu alipofariki. Watu wazima waliniambia amekwenda Korogwe kutibiwa, atarudi na kitambaa cha gauni. Hadithi nzuri. Kitambaa kilikuwa hata na rangi yake, samawati. Nilikuwa naketi barazani kila jioni nikitazama njia. Aliyeniambia kweli ni mtoto mwenzangu, kwa hasira, tukigombania kamba ya kuruka. Wakubwa hawakufanya hivyo kwa ubaya. Walitaka ninyamaze. Nilinyamaza kweli, sikumwamini mtu mzima mpaka nilipokuwa mtu mzima mimi mwenyewe.

Mtoto akiuliza kwa nini kitu kimezikwa, simpi kitambaa cha samawati.

Jumanne, 16 Machi

Carol nyuma, mikono kifuani. Watoto wadogo kuliko wa juma lililopita. Tulikwenda vizuri. Vyura, uji wa moto, mvi. Walipofika kwa vunjajungu nilimwona Carol mwenyewe anainama kumtafuta.

Kisha swali. Safari hii liliulizwa na mtoto wa kiume mwenye pengo, akiwa ameshika upindo wa shati langu.

Nilimtazama Carol. Alitikisa kichwa kidogo sana, si kwa hasira. Kama anayeniomba.

Nikapiga magoti, nikamwambia yule mtoto: hatujui.

Carol aliingilia hapo hapo. Kwa sauti ya uchangamfu, akasimama mbele yangu, akaanza: hapo zamani za kale palikuwa na mfalme. Watoto wakamgeukia. Walimpenda, anajua kusimulia. Mimi nikabaki nimepiga magoti nyuma yake, natazama visigino vya viatu vyake.

Yule mwenye pengo akauliza: "Kwa hiyo yule bibi alikuwa hajui, wewe unajua?"

"Ndiyo," akasema Carol.

Kalamu inachana karatasi ninapoandika haya. Si huzuni. Ni hasira.

Jumatano, 17 Machi

Nimehamishiwa chumba cha makoti. Mifuko, miavuli, kofia moja kubwa ya wachunga ng'ombe. Napokea, natoa namba, natabasamu. Kutoka hapa nasikia makofi ya joka.

Ijumaa, 26 Machi

Carol ameniita. Alikuwa amenunua kahawa mbili. Akasema anataka nirudi kwa watoto, hakuna anayekaa nao kama mimi. Sharti ni moja. Nisimulie kilichoandikwa, neno kwa neno, hadi maonyesho yaishe. Baada ya hapo tutazungumza.

Nikamwambia nitasimulia joka, kwa furaha, nikianza na neno moja: hadithi. Niseme "hii ni hadithi tuliyotunga sisi." Basi. Neno moja tu.

Akasema litaharibu hadithi.

Nikamwambia basi siwezi.

"Unajua maana yake?"

"Najua."

Mwezi huu ukiisha sina kazi. Macho yake yalikuwa mekundu, yangu makavu. Nimekunywa kahawa yote, sikutaka kumwachia kikombe kilichojaa. Nikachukua shuka yangu ya kukalia watoto, ni ya kwangu, niliileta kutoka nyumbani.

Kwenye gari ndipo nililia. Kidogo. Nikawasha, nikaondoka.

Jumamosi, 27 Machi

Nimemwambia Hamza. Alikuwa anakata vitunguu. Akaendelea kukata mpaka vikawa vingi kuliko tunavyoweza kula.

Jumatano, 14 Aprili

Nuru amebanwa na kifua tangu jana. Chavua ya majira haya. Zahanati ya kaunti, viti vya plastiki, televisheni bila sauti, siku nzima. Tuliitwa jua likishuka. Daktari kijana, mkarimu, amempa dawa ya mvuke. Sasa amelala, anapumua sawa.

Leo ndiyo siku ya kwanza nimejiuliza kama nilikosea. Nimejiuliza kwa haki, nikimtazama anavyoinua mabega kuvuta hewa. Nimejibu hapana. Lakini sikujibu haraka.

Hamza alikuja zahanati moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vyake vya kazi vyenye ncha za chuma. Alikaa upande wa pili wa Nuru. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningepata wa kumjibu.

Jumapili, 25 Aprili

Mwajuma amepiga simu. Mdogo wangu huyu anaishi Missouri City, kusini mwa Houston, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia.

"Dada, zile kengele zako ziko huku. Nimeona bango barabarani nikitoka shift."

Maonyesho yamehamia Houston. Nilijua yatahamia. Sikutaka kujua lini.

Akasema watoto wa mtaani kwake wako nyumbani kila Jumamosi wanatazama katuni, wa Kitanzania, wa Kikenya, wa Kikongo. "Njoo uwaambie."

Nikasema mimi si mwongozaji wa makumbusho yoyote tena.

"Kwani nimesema uje kama mwongozaji? Wewe ni mwalimu."

Nimekata simu nikiwa na hasira naye. Kisha nimetoa ile shuka kabatini, nikaifua.

Jumanne, 4 Mei

Nimepata kazi. Kituo cha kulelea watoto, hapa hapa Grand Prairie. Wa miaka miwili na mitatu. Kazi ni kufuta makamasi na kuamua ugomvi wa vijiko. Bima itaanza baada ya kipindi cha majaribio. Hamza amesema "alhamdulillahi" mara moja, halafu, baada ya muda, mara ya pili.

Ijumaa, 14 Mei

Nimeendesha mpaka Missouri City na Nuru. Mvua njiani, kisha jua kali. Hamza hakuja, ana kazi. Alinijazia mafuta jana bila kuambiwa.

Mwajuma amepika wali na samaki wa kupaka, akaalika wazazi. Wote wamekubali watoto waende makumbusho kesho, ila Mama Furaha. Ni Mkongo wa Uvira, jirani wa mlango wa pili, mtu wa kanisa. Alikaa mwisho wa kochi na mwanawe Furaha, wa miaka mitano, mapajani.

"Mwalimu, ile kengele ilikuwa ya kuabudia nini?"

Nikasema huenda zilipigwa kwenye sherehe za mpunga, huenda kulikuwa na maombi humo. Hakuna anayejua kwa hakika.

"Sasa unapeleka batoto kuona kitu haujue?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Swali lile lile la Fort Worth, limenifuata kwa Kiswahili.

Nikamjibu: "Ndiyo, Mama Furaha. Ndiyo maana nawapeleka."

Alifikiri. Akasema atakuja naye, aone kwa macho yake. Kama kuna shetani, yeye atamjua.

Jumamosi, 15 Mei

Naandika yote.

Tumeingia kwa mlango wa mbele, tumekata tiketi kama watu wengine. Watoto wapatao kumi, Mwajuma, mimi, na Mama Furaha kwa kitenge chake kizuri. Chumba ni kikubwa kuliko cha Fort Worth, baridi ya mashine kali. Kengele zimesimama kwenye vioo. Nilikwenda moja kwa moja kwa ile ya watwangaji. Sikuwa nimeiona tangu Machi. Nilitaka kuisalimia.

Nikatandika shuka. Watoto wakakaa. Nikaanza kwa Kiswahili.

Wangenielewa haraka zaidi kwa Kiingereza. Wanakijua kunishinda. Lakini watoto hawa Kiswahili wanakisikia kwenye oga, kula, vaa, nyamaza. Nilitaka leo wakisikie kwenye shaba. Nikaanza na shamba, maji na vyura. Wakafumba macho.

Mlinzi akaja. Kijana mrefu, mpole. Akasema makundi lazima yawe na mwongozaji wa makumbusho, na yawe yamepanga siku. Nikamwambia hili si kundi, ni familia.

"Hawa wote?"

"Wote."

Wakati huo huo Furaha akanivuta gauni, akauliza, "Mama mkubwa, ile ndudu ni nini?" Mlinzi hakujua maneno, lakini aliona mkono ulivyoshika. Akasogea pembeni. Kisha, maskini, akafanya kazi yake, akaita mkubwa wake.

Nikamwambia Furaha ni vunjajungu, na nikaendelea.

Mkubwa akaja, mwanamke wa makamo, redio ya mawasiliano mkononi. Akasema tunaziba njia. Hatukuwa tunaziba. Akasema hawaruhusu mafunzo yasiyo rasmi ukumbini. Akauliza, "Unawaambia nini?"

"Kilichoandikwa pale."

Nikamwonyesha ukuta. Akageuka, akasoma, nadhani kwa mara ya kwanza. Sababu ya kuzikwa haijulikani.

Akaniambia nimalize upesi.

Nikamwambia, "Nitamaliza nikimaliza."  Nilikuwa nimeketi kwenye shuka. Sikusimama. Mwajuma alikuwa amekuja akasimama nyuma yangu, amevua miwani ya jua. Watu wazima wengine, wageni, walikuwa wametuzunguka. Watoto wakanitazama mimi, wakamtazama yule mwanamke, wakanitazama tena. Niliona wanangoja kujua kama tutaondoka.

"Tulikuwa tumefika wapi?" nikawauliza.

Macho yakahamia kwenye kioo. Kisha Nuru, anayenijibu Kiingereza tangu ajue kuongea, akasema, "Kwenye kinu, mama."

Basi tukarudi kwenye kinu.

Hapo Mama Furaha akasogea. Alikuwa amesimama mbali muda wote, mkoba kifuani. Akakaribia kioo mpaka pumzi yake ikakiweka ukungu.

"Angalia," akasema. "Banatwanga bawili. Sawa kwetu."

Akanipa mkoba wake niushike. Akawaonyesha watoto: wawili kwenye kinu kimoja, huyu akipandisha, yule anashusha, usipofuata mwendo mtagongana. Akamsimamisha Furaha mbele yake. Watoto wakasimama wawili wawili, mikono juu, mikono chini, bila kinu, bila mchi, katikati ya ukumbi ule wenye baridi. Hawakupiga kelele. Ilisikika mikono ya nguo tu na pumzi. Mwanamke mwenye redio aliishusha redio yake. Hakuondoka, na hakusema tena upesi.

Tulipoketi, Nuru akauliza yeye mwenyewe, maana anajua lilipo swali. Kwa nini walizizika?

Nikasema hatujui. Mnadhani nini?

Wezi. Zawadi kwa ardhi. Mchezo wa kujificha. Halafu Mama Furaha, ambaye hakuwa ameulizwa:

"Vita."

Watoto wakamgeukia.

"Vita ikikuya, unazika kitu yako ya muzuri, unakimbia. Unasema nitarudia kuchukua. Mimi nilizikaka mashini yangu ya kushona, nyuma ya nyumba. Iko pale mpaka leo."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja alipoacha funguo. Furaha akamuuliza mama, hiyo mashini ilikuwa rangi gani. Nyeusi, akasema, na maua ya dhahabu kwenye shingo.

 Mwishowe nikawaambia watoto kwamba hata hilo ni wazo moja, si jibu. Huenda palikuwa na vita, huenda hapakuwa. Niliogopa kusema hivyo mbele yake. Nikaona nikilinyamazia leo kwa sababu limenigusa, basi na mimi nimetunga joka.

Mama Furaha akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Hatujue."

Tulimaliza tulipomaliza. Nikakunja shuka. Yule mwanamke wa redio alitusindikiza mpaka mlangoni, sijui kututoa au kutuaga. Sikumuuliza. Mlinzi alimpa Furaha mkono.

Nje joto likatuangukia. Watoto wakakimbilia kivuli cha magari. Mama Furaha akapokea mkoba wake.

"Hakuna shetani," akasema. "Ni bakulima tu."

Jumapili, 16 Mei

Barabara ndefu kurudi. Nuru amelala njia nzima, mdomo wazi. Sikufikiria Fort Worth hata mara moja mpaka nilipoona kibao chake.

Wanaweza kuninyima ukumbi. Watoto wako kila mahali.

Jumapili, 6 Juni

Asubuhi ya pole. Nuru bado amelala. Hamza yuko kwenye pakingi, boneti juu, gari limekuwa likikohoa. Nimemshushia chai ya tangawizi, nikakaa kwenye ngazi.

Hajawahi kuniuliza lolote kuhusu kengele. Tangu Machi. Leo, kichwa kikiwa ndani ya injini, akauliza:

"Zilikuwa na sauti gani?"

Nikamwambia hakuna anayezigonga tena. Shaba imechoka, zitapasuka. Watu wametengeneza za mfano, wakazigonga hizo. Zile zenyewe, sijui.

"Hakuna aliyekuuliza hilo? Watoto wote wale?"

Nikafikiri. Hakuna aliyeniuliza.

Akajifuta mikono kwa tambara, akaja akakaa ngazi ya chini yangu, akanywa chai. Tukasikiliza mtaa wa Jumapili. Mashine ya jirani ya kukatia majani. Mbwa. Ndege ikishuka kuelekea uwanjani. Bega lake lilikuwa limeegemea goti langu, na hakuliondoa.

Chai ilipoisha akarudi kwenye gari. Akaniomba nikamshikie tochi, kuna mahali chini ya injini haoni. Nikashuka, nikamshikia.